Ufundi wa Mwendo wa Polepole

Ukitaka kumjua mwendesha pikipiki aliyeiva, usimtazame barabara ikiwa tupu. Mtazame sokoni Iringa asubuhi, njia imejaa mikokoteni na matenga ya nyanya, na mbele yake anatembea mama aliyejitwika beseni. Aliyeiva humfuata mama huyo kwa mwendo uleule wa miguu yake. Hapigi honi wala resi, na nyayo zake hazibanduki kwenye vikanyagio. Asiyeiva anachechemea huku miguu ikiburura chini, kushoto na kulia, injini inaunguruma mara inazimika. Barabara ikifunguka wote wawili watakimbia, na hapo huwezi kuwatofautisha, kwa sababu kukimbia ni kazi ya injini.

Pikipiki ikishashika kasi hujisimamisha yenyewe. Uma wa mbele umelazwa kwa pembe inayolirudisha gurudumu kwenye mstari, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo chombo kinavyozidi kutulia. Mwendo ukipungua ukawa wa kutembea, msaada huo unaondoka. Anayeishikilia sasa ni binadamu: mkono wa kushoto umeiachia klachi nusu, wa kulia umeshika mafuta yasipande wala kushuka, mguu wa kulia umegusa breki ya nyuma kidogo tu, na macho yapo mbali. Viungo hivi vinne vikielewana, mashine yenye uzito wa zaidi ya kilo 100 inakwenda taratibu na haiyumbi. Nimewatazama wazee wa kijiweni wakifanya hivyo na abiria nyuma na gunia la viazi juu ya tangi, na kila mara naona huo ni ufundi wa kuheshimiwa kama ufundi mwingine wowote wa mikono.

Ufundi huu hujifunzwa kiwanjani. Uwanja wa mpira wa mtaa unatosha, mapema kabla watoto hawajaamka, na jambo la kwanza hufanywa injini ikiwa imezimwa. Isukume pikipiki, izungushe, ilaze kidogo upande huu na ule hadi ujue ni wapi uzito unaanza kukushinda. Muulize mwenyewe gia zake zimepangwaje, maana hazifanani: kwenye pikipiki nyingi gia ya kwanza hukanyagwa chini na zilizobaki hupandishwa juu, lakini zipo zilizopangwa kwa namna nyingine, na barabarani si mahali pa kugundua hilo. Kisha iwashe, weka gia ya kwanza, na bila kuvuta mafuta iachie klachi taratibu hadi uhisi chombo kinataka kuondoka. Ishike hapo. Ibane tena. Iachie tena. Asubuhi nzima ikipita kwa kazi hiyo peke yake, imetumika vizuri. Vijana huiona inachosha, wanataka kufika gia ya tatu, na anayewafundisha huwakubalia kwa sababu naye ana haraka ya kurudi kijiweni. Mimi ningemzuia. Mahali pale klachi inaposhika ndipo panapotoka kila kitu kitakachofuata: kuondoka kwenye mlima, kupita kwenye tope, kugeuza kwenye njia nyembamba.

Baada ya hapo weka mawe mawili na uyazunguke kwa kuchora namba nane. Hapa macho ndiyo yanayofundishwa. Ukilitazama jiwe, utaligonga; ukitazama kule unakotaka kutokea, mikono inafuata bila kuambiwa. Hali ni ileile kwa shimo, kwa mbuzi, na kwa lori linalokuja.

Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa uchunguzi wa ajali za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Ajali 900 walizifuata wenyewe palepale zilipotokea, wakapima alama za matairi na kuwahoji walionusurika. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hawakuwa wamefundishwa rasmi. Walijifunza wenyewe, au kwa ndugu na marafiki. Nikisoma habari ile naviona vijiwe vyetu, ambako kijana hukabidhiwa pikipiki jioni, akazungushwa mtaa mmoja, na kesho yake akabeba mtu. Lakini kilichonigusa zaidi ni walichokiona kuhusu breki. Hatari ilipotokea, mwendeshaji wa kawaida aliikanyaga mno breki ya nyuma hadi gurudumu likaburuzika, na ile ya mbele akaitumia kidogo mno. Sekunde zilikuwa mbili tu au hata pungufu, na akazipoteza kwenye breki dhaifu.

Kwetu pia breki ya mbele inaogopwa. Mwanafunzi huambiwa asiiguse kwa kuwa itampindua. Ushauri huo umewaumiza wengi, na ninaomba kila anayefundisha auache. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito mwingi husogea mbele. Tairi la mbele linakandamizwa chini na kushika barabara zaidi, huku la nyuma likiwa jepesi na rahisi kuteleza. Kwa hiyo nguvu kubwa ya kusimama iko mbele. Kinachopindua ni kuikwapua breki ghafla kabla uzito haujafika huko, au kuikamata huku usukani umekatwa au tairi liko juu ya mchanga. Ishike kama anayekamua tui: anza kwa upole, kisha ongeza, pikipiki ikiwa wima. Kwenye vumbi na changarawe iguse kwa wepesi zaidi, ila usiiache. Fanya hivyo kiwanjani kwa kilomita 20 kwa saa, halafu 30, hadi vidole vizoee. Kumbuka kwamba kwa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde, na kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika baada ya kushika breki huwa mara nne.

Kuna jambo moja ambalo mwili hulijua kabla ya kichwa. Wilbur Wright, yule aliyerusha ndege pamoja na ndugu yake mwaka 1903, alikuwa fundi wa baiskeli mjini Dayton, Marekani, na aligundua kwamba mpanda baiskeli anayetaka kukata kushoto huanza kwa kuusukuma usukani kulia kidogo sana, chombo kikalala kushoto, ndipo kikakata. Alipowauliza wapanda baiskeli, wengi hawakujua kwamba wanafanya hivyo. Pikipiki ni vivyo hivyo ikiwa kwenye kasi. Mwendeshaji anayelijua hili kwa makusudi anaweza kulikwepa shimo kwa msukumo mdogo wa kiganja, wakati asiyelijua anakakamaa na kulifuata.

Kofia ngumu ina historia inayopaswa kusimuliwa kijiweni. Mei 1935, T. E. Lawrence, Mwingereza aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki karibu na nyumbani kwake Dorset akiwa kichwa wazi, na akafa siku chache baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, hakulisahau jambo hilo. Wakati wa vita vya pili vya dunia alichunguza vifo vya matarishi wa jeshi waliotumia pikipiki, akaandika mwaka 1941, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likaamuru waendeshaji wake wavae kofia wakiwa kazini. Leo tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hayo yanahitaji mkanda uliofungwa. Kofia iliyolegea hutoka kabla kichwa hakijafika chini, na iliyoning'inizwa kwenye kiwiko haimlindi mtu.

Mwanafunzi akimaliza uwanja, naye ana leseni ya kujifunzia, barabara yenyewe inamngoja. Iringa iko juu ya kilima, na chini yake, Ipogoro, inapita barabara kuu ya kwenda Mbeya hadi Zambia, yenye malori mchana na usiku. Kupanda kutoka huko kunadai klachi ile ya asubuhi kiwanjani. Kushuka kunadai gia. Wapo wanaoshuka kwa nyutro ili kuokoa mafuta, na breki zao zinapata moto peke yake wakati injini ingesaidia kuzuia. Mvua ikianza, dakika za kwanza ndizo zenye utelezi kuliko zote, kwa kuwa vumbi na oili vimeelea juu ya lami. Lori linapokupita, upepo wake hukusukuma kwanza kisha hukuvuta; legeza mikono, bana tangi kwa magoti. Washa taa hata mchana, na usikae pale ambapo huvioni vioo vya dereva, maana hapo naye hakuoni.

Abiria ni wa mwisho. Akipanda, umbali wa kusimama unarefuka, mbele panakuwa pepesi, na kila kosa la mkono linaufikia mwili wa mtu mwingine. Mpe kofia, mwonyeshe pa kushika, mwambie alale mnapolala na asishushe miguu mkisimama. Yeye mwenyewe atakuambia umefika wapi kabla hajafungua kinywa: kofia yake ikigonga yako kila ukibadilisha gia, bado klachi hujaijua.