Kuridhika na Kuridhia: Kazi ya Shamba katika Utubora Mkulima na Kasri ya Mwinyi Fuad

Utubora Mkulima ya Shaaban Robert ni mojawapo ya riwaya za Kiswahili zinazoutetea kwa uwazi zaidi ukulima kuwa njia ya kuipata raha ya moyo. Utubora anaiacha kazi ya mshahara mjini, anahamia Busutamu na kuyajenga maisha yake upya kwa jembe. Mhusika huyu anaweza kusomwa kwa njia mbili. Usomaji wa kimaadili humwona kuwa kielelezo cha kinaa: mtu aliyeitambua thamani ya kidogo chenye amani kuliko kingi chenye fadhaa. Usomaji wa kitabaka, kwa upande wake, huiona riwaya kuwa njozi ya kilimbwende inayoipa kisogo migogoro ya jamii iliyoizaa. Makala hii inadai kwamba njia zote mbili zina upungufu mmoja. Zote huuliza Utubora ana moyo wa namna gani. Hakuna inayouliza shamba ni la nani.

Swali hilo linapata uzito Utubora anapowekwa kando ya mhusika mwingine wa shambani, Kijakazi wa Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi (1978). Kwa mtazamo wa juu juu wawili hawa wanaishi maisha ya aina moja. Wote wako mbali na pilikapilika za mjini. Siku ya kila mmoja ina kazi zake zinazojirudia: Utubora na jembe lake, Kijakazi na ng'ombe anaowakama alfajiri. Isitoshe, Kijakazi naye hana malalamiko. Utumishi wake kwa Mwinyi Fuad anauona kuwa ndio mpango wa dunia, na uaminifu wake kwa bwana haumtii shaka. Iwapo kinaa ni hali ya moyo tu, basi Kijakazi ameifikia daraja ya Utubora, na pengine ameipita. Hakuna msomaji makini atakayekubali hitimisho hilo. Na kulikataa kwake kunamlazimu aeleze ni kitu gani kinachozitenga hali hizi mbili.

Fani ya riwaya zenyewe inatoa dokezo la kwanza. Jina la Utubora limeundwa kwa utu na ubora. Mhusika anatambulishwa kwa sifa iliyo ndani yake. Neno kijakazi, kinyume chake, ni jina la mtumwa wa kike. Mwenye kuitwa hivyo anatambulishwa kwa uhusiano wake na anayemmiliki. Tofauti hiyo inaendelea katika anwani. Riwaya ya Shaaban Robert imebeba jina la anayelima. Riwaya ya Adam Shafi imebeba jina la mwenye kasri, ilhali anayeamka alfajiri yumo ndani ya kitabu bila ya kutajwa mlangoni. Yamkini huu si usibu mtupu. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad hata asubuhi ina mwenyewe, naye si yule anayeiwahi.

Dokezo la pili linahusu majira. Mkulima anayejilimia hutawaliwa na masika na vuli, na utawala huo haumvunjii heshima, kwa kuwa anayetii mvua huitii kwa faida yake mwenyewe. Katika shamba la bwana mkubwa, msimu hubadilika maana. Karafuu, zao lililoitajirisha Unguja na Pemba, sharti lichumwe kabla matumba ya maua hayajafunguka. Ucheleweshaji wa siku chache humharibia mwenye shamba thamani ya zao. Kwa hiyo msimu humfikia mchumaji kwa sura ya amri. Mvua ni ile ile na udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni nani anayepata hasara mtu akilala. Mhakiki anayeusifu mpangilio wa kazi za shamba bila ya kulitazama jambo hili anakisifu kitu ambacho hakijapata maana bado.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inaisaidia hoja hii. Kuridhika na kuridhia ni maneno ya mzizi mmoja, na neno ridhaa linahusu zaidi kule kukubali kuliko kule kutulia. Utubora ameridhika kwa sababu aliridhia: alikuwa na kazi, akaipima, akaiacha. Kijakazi hakupata kuulizwa. Hali yake inastahili kuitwa mazoea, na mazoea yana uwezo wa kuvaa sura ya kinaa hata mwenyewe asiitambue. Ndiyo maana simulizi la Adam Shafi haliwezi kukoma katika utulivu wa kijakazi. Sharti liendelee mpaka Mapinduzi ya Januari 1964. Mageuzi ya ardhi yaliyofuata Zanzibar, ambapo wananchi waligawiwa ekari tatu tatu, yalikuwa jibu la kihistoria kwa swali ambalo riwaya inaliuliza kisanaa.

Huenda ikadaiwa kwamba ulinganishi huu unamwonea Shaaban Robert kwa kumdai asichokusudia. Dai hilo lina uzito kiasi. Mwandishi huyu, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alianza kuzitumikia ofisi za serikali ya kikoloni mwaka 1926. Aliyajua maisha ya mshahara kwa ndani, na kwa karani wa zama hizo wazo la kuondoka kwa hiari lilikuwa na ujasiri wake. Hata hivyo, Tanga ile ile ilikuwa nchi ya mkonge, na katika mashamba yake manamba walifanya kazi kwa kipande. Kuacha kazi na kurudi kwenye udongo kulimaanisha jambo moja kwa karani na jambo jingine kwa manamba, ambaye tayari alikuwa juu ya udongo, lakini si wake. Riwaya haikumfanya manamba kuwa kitovu chake. Hilo haliibatilishi kinaa ya Utubora. Linaonyesha mpaka wake.

Mpaka huo ulipata umuhimu zaidi kutokana na wakati riwaya ilipotoka. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, naye Utubora akawafikia wasomaji mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha kuutangaza ukulima kuwa msingi wa maendeleo ya Tanzania. Ilikuwa rahisi kumsoma kama mjumbe wa sera. Usomaji huo unasahau kwamba Utubora hatumwi na mtu kwenda Busutamu. Wito wa kuwataka watu, hasa vijana, warudi mashambani umesikika mara nyingi Afrika Mashariki tangu uhuru, na aghalabu umetolewa na wasioshika jembe. Akitumiwa kuupamba wito huo, Utubora anapokonywa kile kile kinachomfanya awe Utubora, yaani hiari yake.

Kwa hiyo si haki kuitupa Utubora Mkulima kama njozi. Riwaya hii inashuhudia kwamba kazi ndogo zinazojirudia, zikifuata majira, zinaweza kuutosheleza moyo wa mtu mzima mwenye akili timamu, na ushahidi huo una thamani yake katika fasihi ambayo mara nyingi imeishughulikia shamba kama mahali pa kukimbiwa. Lakini ushahidi huo haukamiliki mpaka usikilizwe pamoja na ukimya wa Kijakazi. Utubora anaonyesha jinsi kazi ya kila siku inavyoweza kuwa raha. Kijakazi anaonyesha sharti ambalo pasipo hilo raha hiyo ni jina jingine la utumwa. Mwanafunzi anayezisoma riwaya hizi pamoja atajifunza kuuliza, kila anapokutana na sifa za maisha ya shamba, jembe limeshikwa na nani, mavuno yanakwenda kwa nani, na kama aliyelishika angeweza kuliweka chini akaenda zake.