Chanjo na Kinga: Istilahi Mbili Zinazochanganywa

Katika vijitabu vingi vya afya vinavyotufikia, maneno chanjo na kinga hutumiwa kana kwamba ni pacha. Kadi ya mtoto huandikwa "amepata kinga" hali muuguzi amempa chanjo tu. Kosa hili laonekana dogo, lakini hatuwezi kulinyamazia.

Chanjo latokana na kuchanja, yaani kukata au kutia mtai. Lugha ilikuwa na kitenzi hiki kabla ya hospitali: mganga alichanja chale, akapaka dawa juu yake. Wachanjaji wa serikali ya kikoloni walipopita vijijini Tanganyika kupambana na ndui, neno walilikuta tayari. Mzee wa Utemini, mjini Singida, aliyezaliwa katika miaka ya 1940, yamkini angali na kovu lake mkononi. Kwake kuchanjwa ni kukwaruzwa ngozi, wala si fumbo. (Hata jina Utemini latokana na utemi, nao utemi, wasemavyo wataalamu wengi, watokana na kutema, yaani kukata. Lakini hilo ni la pembeni.)

Wapo wanaodai kwamba "chanjo ya matone" ni upuuzi, kwa kuwa matone ya polio hutiwa mdomoni bila kukata chochote. Wao wangependa "kinga ya matone". Hoja hiyo ni dhaifu. Edward Jenner alipochanja kwa usaha wa ndui ya ng'ombe mwaka 1796, Waingereza walipata istilahi yenye asili ya Kilatini ihusuyo ng'ombe, nao waitumia hadi leo pasipo ng'ombe yeyote. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, mkwaruzo ukaisha, neno likabaki. Libaki.

Ubaya hasa wa "kinga ya matone" ni kufuta tofauti ambayo mzazi anaihitaji. Chanjo ni kile kinachotolewa. Kinga ni uwezo ambao mwili hujijengea baadaye, na pengine usijijengee. Kabla ya chanjo kavu ya ndui kuenea, ile ya majimaji iliharibika upesi kwa joto. Mtoto aliweza kuchanjwa, akalia, akarudishwa nyumbani, na ndui ikamkuta vile vile. Ndiyo maana ilipasa mkono utazamwe tena baada ya siku kadhaa, ijulikane kama chanjo imeshika. Kushika! Twashangaa kwamba watafsiri wetu wanakipita kitenzi kizuri kama hiki na kwenda kubuni vingine.

Na surua je? Chanjo yake ya kwanza hungojea miezi tisa, kwa sababu kinga ambayo mtoto amepewa na mamaye yaweza kuizuia isishike. Mwenye kutumia neno moja kwa yote mawili atalazimika kuandika kwamba kinga huzuia kinga, na mwalimu wa darasa la sita ataulizwa maana yake.

Sindano nalo lisitumike mahali pa chanjo, maana mtoto huchomwa sindano ya tiba pia, na karani asiyejua atamhesabu kuwa amechanjwa.

Kwa kadi na fomu, basi, twapendekeza "amechanjwa", pamoja na jina la ugonjwa na tarehe. "Amekingika" liachiwe waliopima damu.