Kuku Mgeni Bila Kamba

Jirani yangu hapa Morogoro hanunui kuku kiangazi kinapoelekea mwisho, hata bei imvutie vipi. Miezi hiyo ya vumbi ndiyo kideri huvuma, na mfugaji akiona kuku wa mwenzake wamepinda shingo huwahi kupeleka wake sokoni kabla nao hawajaanza kusinzia. Bei huanguka, na ugonjwa husafiri ndani ya tenga. Yeye husubiri mvua za vuli zishike, majani yachipue na wadudu watoke, ndipo aende kutafuta mitetea wawili au watatu ya kuongeza kwenye kundi lake. Mmoja peke yake hachukui kamwe, kwa sababu kundi zima litamwandama huyo huyo.

Kumtazama akichagua ni raha. Humpakata kuku mpaka atulie, kisha hupuliza manyoya ya chini ya mkia ngozi ionekane, maana chawa hupenda kujificha hapo na mayai yao hugandamana kwenye mashina ya manyoya. Huangalia kandokando ya macho kama kuna viroboto waliojichomeka. Hupitisha kidole miguuni. Magamba yakiwa yamenyanyuka, kuna utitiri chini yake. Mwisho humsogeza kuku sikioni na kusikiliza pumzi. Kuku mzima hasikiki. Wachuuzi wamemzoea, hawamharakishi.

Wageni hawaendi bandani. Hukaa nyuma ya nyumba, mbali na wenzao, kwa wiki tatu. Mara nyingi kideri hujitokeza ndani ya wiki moja, lakini kinaweza kujificha wiki mbili au zaidi, kwa hiyo wiki tatu si woga. Huwachanja kwa tone la jichoni, ile chanjo ya I-2 inayovumilia joto kuliko za zamani, na tarehe huiandika kwa chaki mlangoni kwa kuwa chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Huwahudumia wenyeji kwanza, wageni baadaye, na ndala za kule hubaki kule kule.

Methali inasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ina sababu yake: kuku akiachiwa siku ya kwanza anaweza kupotea. Hata hivyo nakubaliana na jirani yangu kwamba kamba humwonea. Kuku anayedonolewa huonyesha kwamba amekubali kushindwa kwa kukimbia. Aliyefungwa hawezi, na mwenyeji humchukulia kama mkaidi, akazidi kumpiga.

Badala ya kamba, yeye hutumia wavu. Karantini ikiisha, wageni huhamia kwenye kona ya uwanja iliyozungushiwa wavu, na kwa wiki nzima mtama humwagwa pande zote mbili, karibu kabisa na wavu, ili wale wakitazamana. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewachunguza kuku tangu utotoni, alichapisha mwaka 1922 maelezo ya ngazi ya kudonoana: kila kuku anajua ampishe nani na nani ampishe yeye. Ngazi hiyo inashikwa na kumbukumbu ya sura, hasa kichwa na upanga. Wiki ya wavuni ni ya kukariri sura.

Kisha, usiku, huwainua mmoja mmoja na kuwaweka kwenye kichanja katikati ya wengine. Kuku haoni vizuri gizani, hivyo hakuna ugomvi mlangoni. Wafugaji wengi huishia hapo wakidhani giza limemaliza kazi. Yeye huamka kabla ya mapambazuko na kufungua mlango mapema, kwa kuwa ugomvi wa ndani ya banda ndio unaoua. Hakuna pa kukimbilia. Mtama huutawanya sehemu nyingi, huongeza beseni la maji, na huegemeza mabati mawili ukutani ili anayefukuzwa apate pa kupotelea machoni.

Halafu hukaa kwenye kigoda na kutazama. Hapa ndipo ninapomstahi zaidi. Mara ya kwanza nilipoona mgeni akidonolewa kichwani mpaka akapiga kelele, nilishasimama.

"Mama, hatumtoi?"

"Mwache, mwanangu. Si umeona ameinamisha shingo? Amempisha, yameisha."

Kweli, yalikuwa yameisha. Yule mwenyeji alirudi kwenye mtama wake. Macho ya mama huyu hutafuta kitu kingine: kuku anayeendelea kumfuata mwenzake aliyekwisha kupisha, kuku wawili wanaoungana juu ya mmoja, au tone la damu. Damu ikionekana haisubiriwi, kwa sababu wekundu huwaita wengine waje kudonoa. Kidonda hupakwa GV, na mwenye kidonda hutengwa mpaka kikauke. Lakini kama hakuna jeraha, anayetolewa ni mchokozi. Mchokozi akikaa pembeni siku chache, wenzake hupangana upya bila yeye, na akirudi huanza kwa kupimwa. Jogoo naye husaidia. Akiona purukushani huingia katikati, na akipata mdudu huwaita hata wageni.

Siku ya kumbikumbi ndiyo anayoiombea. Mvua ikikatika na mbawa zikaanza kumiminika kutoka ardhini, kundi lote hukimbilia sehemu moja, na hakuna mwenye nafasi ya kumkumbuka mgeni.

Hata hivyo hatangazi mapema kwamba mambo yamekaa sawa. Mgeni anaweza kula na wenzake mchana kutwa na bado akazuiwa kiotani, akaenda kutaga vichakani. Kwa hiyo mama hufuatilia mayai. Mgeni akishaingia kiotani asubuhi, akataga na kutoka akitetea bila kufukuzwa, ndipo beseni la ziada hurudishwa jikoni. Mabati huyaacha palepale, maana vifaranga watayahitaji mwewe akipita.