Yuniti Sita kwa Siku

Mtoto wa kilo 12 akigundulika ana kisukari mapema, kabla hajazidiwa, huweza kuanzishiwa takriban nusu yuniti ya insulini kwa kila kilo kwa siku. Hizo ni yuniti 6. Kichupa kina yuniti 100 katika kila mililita, kwa hiyo dozi yake ya kutwa, asubuhi na jioni pamoja, imezidi tone moja la maji kidogo tu.

Sasa mtazame muuguzi anavyomfundisha mama wa mtoto huyo kuipima. Kichupa cha insulini yenye ukungu hakitikiswi. Kinaviringishwa taratibu kati ya viganja mpaka kilichotuama chini kienee. Zikiwa aina mbili, ile angavu huvutwa kwanza, yenye ukungu ifuate, zisije zikachafuana vichupani. Kisha bomba linainuliwa usawa wa macho.

"Sista, nimepatia?"

"Kuna hewa, mama. Gonga kidogo ipande, uisukume itoke."

Kapovu kenyewe ni kadogo kuliko punje ya mtama. Kwa mtu mzima anayejidunga yuniti 40 si neno, lakini kwa mtoto huyu kanaweza kula nusu ya dozi ya jioni. Muuguzi hamnyang'anyi mama bomba akamalizia mwenyewe. Anasubiri, hata foleni ikiwa ndefu, kwa sababu kesho alfajiri mkono utakaoshika bomba si wake.

Watoto wengi hawafiki wakiwa wazima hivyo. Mtoto ameshinda akinywa maji, ameanza tena kukojoa kitandani, amekonda, ametibiwa malaria. Anafikishwa wodini akihema kwa kina, pumzi ina harufu ya matunda yaliyoiva mno. Hapo ndipo ninapowavulia wauguzi kofia zaidi. Sukari iko juu, insulini ipo mezani, na bado wanaanza na dripu ya maji. Insulini hufuata baada ya kama saa moja, kiasi cha yuniti 0.05 hadi 0.1 kwa kilo kwa saa. Potasiamu inachungwa, na sukari inateremshwa polepole, maana huenda ubongo ukavimba.

Januari 1922 mjini Toronto, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alidungwa dawa hii kwanza ikiwa na uchafu, haikumsaidia sana. Siku 12 baadaye alipewa iliyosafishwa na James Collip, sukari ikashuka. Kuisafisha kulichukua wiki chache. Kuipima kunajifunzwa upya kila nyumba inapopata mgonjwa.

Na nyumba ina maswali yake. Pasipo friji, kichupa huwekwa kwenye chungu kilichotumbukizwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowanishwa. Ugali wa muhogo huliwa saa ngapi? Mtoto akicheza mpira jioni, nani ana sukari mfukoni akianza kutetemeka?

Baada ya wiki kadhaa za matibabu mara nyingi kongosho hujitutumua, dozi inapungua sana, na ndugu wanatangaza kwamba mtoto amepona. Muuguzi habishani nao. Anapunguza hadi yuniti 2, pengine 1, wala haachishi, akijua baada ya miezi dozi itapanda tena. Anampa mama bomba, anamwambia avute hiyo moja.