Sombe ya nyumbani na maneno tunayoisemea

Kila mara watu wa kwetu wanapoandika juu ya chakula cha mapokeo, maandiko yao yanafanana. Sombe ya koko ilikuwa tamu, sombe ya leo imeharibika, na kosa ni la wasichana wa mji ambao hawajui tena kutwanga. Maneno haya tumeyasoma sana, tumeyasikia kwenye ndoa na kwenye matanga, na tunaona inafaa kuyapima. Chakula cha mangaribi ni kazi ya mikono kama vile kinyago au wimbo. Kuna kazi nzuri na kuna kazi mbaya, na anayehukumu anapashwa kusema kwa nini.

Tuanze na lile neno «asili», juu watu wanalitumia kama chumvi. Muhogo haukuzaliwa kwetu. Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16, ukaingia kupitia pwani ya Kongo na kusafiri polepole kuja huku bara. Karanga nazo zilivuka bahari ile ile. Mawese ndiyo ya kwetu kweli, na mutwangio pia. Sambaza tunazotia ndani ya sombe pale Goma na Bukavu, zile samaki ndogo zinazovuliwa usiku kwa taa, zililetwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960. Kumbe babu ya babu yetu hakuijua sufuria hii. Kule Kasongo, Maniema, mchuzi unamwagwa juu ya wali, kwa sababu mpunga ulifika na Wangwana na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19; kwingine ni bugali, na Lubumbashi wanaiita bukari. Hayo yote hayaipunguzii sombe kitu. Ila yanaonyesha kwamba anayesema «tulikula hivi tangu mwanzo» hajaangalia vizuri ndani ya chungu chake.

Sasa kutwanga. Wanaoisifia sana ni wanaume, na hilo tunalisema bila kuzunguka. Wakati ule sombe ilipokuwa laini kama unavyokumbuka, ndugu msomaji, ni nani alikuwa kwenye kinu? Mara nyingi alikuwa msichana aliyepaswa kuwa na daftari mkononi. Leo kuna mashini sokoni, unatoa pesa kidogo, majani yanatoka yamesagwa. Sisi hatuoni mashini kuwa adui. Jani la muhogo liko na sumu ndani yake. Unapoliponda, chembe zake zinapasuka na ile sumu inafunguliwa, halafu moto unaifukuza pamoja na mvuke. Kuponda kwa mutwangio au kwa chuma, kazi ni moja. Ndiyo, mutwangio unaacha nyuzi kidogo ambazo ulimi unazipenda, lakini hiyo ni habari ya ladha, na si sababu ya kumnyima mtoto masomo.

Ubaya tunauona kwingine: kwenye moto. Sombe iliyosagwa vizuri inapikwa dakika ishirini, halafu inafunikwa kwa kube mbili na nyanya ya kopo ili isionyeshe ubichi wake. Mama mkwe anaonja, anasema: «Mutoto yangu, hii sombe ingali inanuka majani.» Na bibi arusi anajibu kwa heshima: «Ndiyo mama, makala njo iliisha.» Wale wanaoandika juu ya mapokeo wanamcheka bibi arusi. Sisi tunasikia jibu lake. Makala ni ghali, mbabula moja inapaswa kuchemsha maji, kupika bugali na kuivisha mboga, na mama amerudi sokoni jua limeshatua. Waliokimbia Goma na Bukavu mwanzo wa mwaka 2025 walipika chochote walichopata, na hakuna mwenye haki ya kuwapimia ladha.

Lakini kufupisha kazi si jambo dogo. Kule Kwango, daktari Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa ambao wenyeji Wayaka waliuita konzo: miguu inakakamaa ghafula, na haiponi tena. Unatokana na muhogo mchungu ambao haukulowekwa siku za kutosha, kwa watu wasiokula nyama wala samaki vya kutosha. Ni kweli unatoka kwenye mizizi, haitoki kwenye sombe. Hata hivyo unatufundisha kwamba zile siku tatu za kuloweka, na ile saa nzima ya kuchemsha bila kifuniko, hazikuwa ukaidi wa wazee. Kama ni lazima kupunguza kitu, tupunguze kube na nyanya ya kopo, tuache moto ufanye kazi yake.

Tuna neno pia juu ya namna ya kula. Wanatuambia mlo wa nyumbani unaunganisha jamaa, sahani moja, mikono mingi. Ni vizuri. Lakini kuku akipikwa, filigisi ni ya baba, paja ni la mgeni, na watoto wanachovya bugali katika supu (kwetu wengi wanaita hivyo hata mchuzi mzito). Katika makabila mengi mwanamke aliyekula filigisi alionekana kama mwizi. Desturi hii inasifiwa katika vijitabu kama alama ya heshima. Sisi tunaona mtoto mwenye kukua ndiye mwenye haja ya nyama kuliko sisi wenye mvi, na heshima ya baba haikai ndani ya filigisi.

Katika Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo kati ya urithi wa wanadamu. Tulicheza, ilikuwa haki. Katika kikao kile kile Senegali iliandikiwa wali wake wa samaki, ceebu jën, na Haiti supu yake ya maboga, joumou, ile inayonywewa kila tarehe 1 Januari kwa kukumbuka uhuru wa 1804. Wao walikuja na sufuria, sisi tulikuja na gitaa. Tungetaka kwenda na sombe siku moja, tungeonyesha nini? Maandiko yetu yanasema «tia mawese kiasi», «pika mpaka iive». Kijana anayesoma hivyo akiwa Bruxelles au Kampala hatapika kitu.

Basi andikeni hivi. Kwa watu sita: mafungu manne ya majani machanga yaliyosagwa, maji ya kuyafunika, sufuria wazi, saa nzima isiyopungua, mpaka harufu ya majani iondoke kabisa. Hapo ndipo kitunguu, pilipili nzima isiyopasuka, na vijiko vitatu vikubwa vya mawese. Sambaza kavu zioshwe mara mbili, juu zina mchanga. Chumvi mwisho, kwa sababu samaki tayari ana yake. Mawese yakianza kuelea pembeni, ondoa.