Tarakilishi 'haipati' anwani, huiomba

Juzi katika maabara ya chuo, mwanafunzi wa uzamili alikuwa mbioni kutuma tasnifu yake kabla ya makataa. Tarakilishi yenye mipangilio ya Kiswahili ilimtaka achague: 'Pata anwani ya IP kiotomatiki' au 'Tumia anwani ifuatayo ya IP'. Aliponiona akauliza, "Prof, sasa mimi nitaipata wapi?"

Nilicheka, kisha nikaona kijana hana kosa. Mkenya aliyezoea mabango ya 'Pata mkopo' na 'Pata punguzo' atadhani anaamrishwa yeye, kumbe inayoamrishwa ni mashine. Hata hiyo mashine haiamrishwi vyema. Kupata ni tokeo. Tendo lenyewe ni kuomba. Tarakilishi ikijiunga na mtandao bila anwani, hupiga hodi kwa wote, maana haimjui mwenyeji. Seva (nyumbani kazi hii hufanywa na ruta ya wifi) huipendekezea anwani. Tarakilishi huiomba anwani hiyo rasmi, nayo seva ikaidhinisha. Utaratibu huu, DHCP, ulichapishwa mwaka wa 1993, na waliouandika walitumia msamiati wa upangaji. Anwani hukodishwa kwa muda, na kwa kawaida nusu ya muda ikipita mpangaji huomba kuongezewa.

Sasa tutazame 'kiotomatiki'. Wakali wa sarufi watasema ki- ya namna huambikwa kwenye nomino, kama kitaalamu na kijeshi, ilhali hapa imebandikwa kwenye kivumishi cha mkopo. Hilo naweza kulimeza. Lugha imemeza makubwa zaidi. Lisilomezeka ni kwamba neno hili linamficha mtoaji. Ukiambiwa kitu huja chenyewe, kisipokuja utamwuliza nani? Kijana wangu hakuwa na wa kumwuliza. Alikuwa ameshajaribu njia ya kwanza ikagoma, basi akashika ya pili, akanakili anwani ya jirani yake. Mitambo miwili ikagombania anwani moja, na maabara ikajaa kelele.

Mimi ningeandika 'Omba anwani kwa mtandao', na ya pili iwe 'Andika anwani mwenyewe'. Najua kuna watakaosema 'omba' ni neno la kinyonge. Unyonge gani? Tunaomba kazi, tunaomba nafasi chuoni, na hakuna anayeona haya. Kitenzi hiki humjulisha msomaji kuwa upande wa pili yuko anayeombwa, na kwamba anaweza kukosa cha kutoa.

Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Fundi alikuta seva imeishiwa na anwani: zote zilikuwa zimeshikwa, nyingi na simu za watu walioondoka zamani. Alifuta zilizoachwa, kisha akapunguza muda wa kupangisha kutoka siku 8 hadi saa 2.

"Kumbe vyumba vilikuwa vimejaa," kijana akasema, akarudi kwenye chaguo la kwanza na kutuma tasnifu yake.