Roboti juu ya wimbi: raha huchorwa kwa uzito

Roboti anayeteleza juu ya wimbi ni mada rahisi kuiwaza na ngumu kuichora. Wengi wakishika kalamu ya kidijitali humchora roboti kwanza, humpachika juu ya ubao kama kibandiko, humwekea tabasamu, kisha hukunja wimbi nyuma yake. Ukiitazama picha unaona roboti, unaona na bahari. Raha huioni.

Hoja ya uchambuzi huu ni moja: raha ya mhusika wa chuma haikai usoni, inakaa kwenye uzito wake. Mtazamaji aamini kwanza kwamba mwili huu ni mzito na ukisimama utazama. Akishaamini hilo, atafurahi mwenyewe kuuona ukibebwa na mwendo, bila kulazimishwa na tabasamu.

Wimbi kabla ya roboti

Wimbi likifika kwenye maji yasiyo na kina hupungua kasi. Umbali kati ya kilele na kilele hufupika, kimo huongezeka, na mwishowe kilele huyatangulia maji yaliyo chini yake, kikaanguka mbele. Kwa makadirio ya kawaida, hilo hutokea pale kina cha maji kinapofikia kama mara 1.3 ya kimo cha wimbi. Sakafu ya bahari ikiinuka polepole, povu humwagika taratibu kutoka kileleni. Ikiinuka ghafla, kama ilivyo penye mwamba, wimbi hujikunja na kuacha pango ndani yake. Pango hilo ndilo wanalolitafuta wateleza mawimbi, na ndilo linalompa mchoraji jukwaa lenye paa, ukuta na sakafu.

Mchoraji wa pwani yetu ana kazi ya ziada hapa. Miamba ya matumbawe imeukinga ufuo, hivyo anayesimama Diani au Paje wakati wa kusi huliona wimbi likivunjika kule mbali kama mstari mweupe tu, huku maji ya ndani yametulia. Tumbo la wimbi halionekani kutoka mchangani. Ndiyo maana wapiga picha wa mchezo wa kuteleza mawimbini huingia majini na kamera zilizofungwa ndani ya kasha lisilopitisha maji, zenye lenzi pana, wakapiga wakiwa karibu na usawa wa bahari. Pembe hiyo ya chini ndiyo ya kuchukua. Inaliinua wimbi juu ya macho ya mtazamaji na kumfanya roboti aonekane mkubwa.

Je, kompyuta haiwezi kulitengeneza wimbi lenyewe? Inaweza, kwa kiasi. Mbinu iliyoenea ni ile iliyoelezwa na mtafiti wa picha za kompyuta Jerry Tessendorf: mawimbi madogo mengi sana hujumlishwa, kila moja na urefu wake, kimo chake na mwelekeo wake, kwa kufuata takwimu za wataalamu wa bahari. Filamu ya Titanic ya 1997 ilitumia bahari ya namna hiyo, na Blender, programu ya bure ya kujenga maumbo ya pande tatu, imekuwa na kifaa chake tangu 2011. Kwa bahari ya nyuma, hadi kwenye upeo wa macho, kifaa hicho kinafaa sana. Kwa wimbi la mchezo hakitoshi, kwa sababu hesabu yake huipa kila sehemu ya bahari uso mmoja tu wa maji. Pango la wimbi lina uso wa juu unaoning'inia, hewa katikati, na uso mwingine chini. Hesabu ya kimo kimoja haina pa kuliweka paa hilo.

Filamu ya Surf's Up, iliyotolewa na Sony Pictures Animation mwaka 2007 chini ya waongozaji Ash Brannon na Chris Buck, ilipaswa kulijibu swali hilohilo. Wahusika wake ni pengwini wanaoshindana mawimbini. Wasanii waliamua kulitendea wimbi kama mhusika: walilijengea umbo lenye vidhibiti, mhuishaji akaweza kuamua linajikunja wapi na pango linafunga lini, kisha povu na matone vikaongezwa juu ya umbo hilo. Anayechora picha moja afuate utaratibu uleule. Mkunjo wa wimbi uwe mstari mmoja safi kwanza. Kama mstari huo mtupu hauonyeshi maji yanayotaka kuanguka, povu halitauokoa.

Mwendo unaobeba chuma

Ubao mfupi wa kuteleza huwa na ujazo wa lita 25 hadi 35 hivi. Ukiwa haujongei, mtu mzima akiusimamia utazama naye, sembuse roboti. Kinachomwinua mtelezaji ni kasi: maji yanayogonga chini ya ubao huusukuma juu. Kwa hiyo katika picha hii mwendo hauwekwi kwa ajili ya pambo. Ukiuondoa, roboti ana safari ya kwenda chini.

Ushahidi wa mwendo uanzie kwenye ubao. Mkia uzame kidogo, pua inyanyuke, na ukingo wa upande wa wimbi uchimbe ndani ya maji. Ubao uliolala bapa juu ya ukuta wa maji hauna anayeuongoza. Nyuma yake uachwe mfereji mweupe uliopinda, kwa sababu mtelezaji hashuki wima, hulikata wimbi kwa mshazari. Roboti ni mzito kuliko mtu, basi mfereji wake uwe wa kina zaidi na matone yaruke juu zaidi. Matone yanayorushwa na kona moja ya ubao yanaeleza kilo nyingi kuliko mabamba na skrubu zote za kifuani.

Kisha msimamo. Mguu wa nyuma hukaa karibu na mkia, juu ya mapezi ya ubao; wa mbele hukaa karibu na katikati. Magoti hupinda, nyonga hushuka, macho huelekea anakokwenda. Anayetaka kuliona jambo hili bila kusafiri mbali awatazame wavuvi wanaposimama kwenye ngalawa inayoyumba: vifundo vya miguu na magoti vinafanya kazi muda wote, kichwa kimetulia.

Kwa roboti, magoti hayo ni bawaba. Yakinyumbuka kupita kiasi, uchuma unapotea. Yakigoma kupinda, tunabaki na sanamu. Jibu liko gereji. Mpe miguu yenye pistoni na shokapu zinazoonekana, kisha uzibane kwa viwango tofauti. Shokapu ya mguu wa nyuma ikididimia na ya mbele ikabaki imenyooka kidogo, mtazamaji anajua uzito umeegemea wapi na ubao unageukia upande gani.

Furaha bila mdomo

Wahuishaji wameishughulikia furaha ya mashine kwa miaka mingi. Mwaka 1986 filamu fupi ya Luxo Jr., ya John Lasseter wa Pixar, ilitumia taa mbili za mezani zisizo na macho wala mdomo; furaha ya taa ndogo ilionekana katika namna inavyojikunja kabla ya kuruka. Katika WALL-E ya 2008, mwongozaji Andrew Stanton aliyapata macho ya roboti wake kwenye darubini ya macho mawili: ukiinamisha mirija yake kwenda nje inasikitika, ukiiinua inafurahi. Naye Roz wa The Wild Robot ya 2024, filamu ya Chris Sanders iliyotokana na kitabu cha Peter Brown, ana uso usio na mdomo kabisa. Sauti yake ni ya Mkenya Lupita Nyong'o, na yote ambayo mdomo ungeyasema yamegawiwa sauti hiyo, mwinamo wa kichwa, mikono na taa za mwilini.

Picha tuli haina sauti, hivyo mwili unabeba mzigo wote. Hapa mimi ningeuweka uamuzi mkubwa wa picha kwenye mkono mmoja. Wateleza mawimbi wakiwa ndani ya pango hupenda kuburuza vidole kwenye ukuta wa maji, wakati mwingine ili kupunguza kasi, wakati mwingine kwa raha tu. Mpe roboti tendo hilo. Vidole vyake viwe vya kazi: vinene, vyenye bawaba, vilivyoundwa kwa ajili ya kubeba makasha au kukaza nati. Vifunguke, viguse ukuta, viache mikwaruzo mirefu ya povu nyuma yake. Mkono ulioundwa kuzalisha sasa unafanya jambo lisilo na faida kwa yeyote, na raha huanzia hapohapo.

Sehemu nyingine za mwili ziunge mkono. Mwenye hofu huvuta viwiko mbavuni na kuangalia miguu yake. Roboti wetu aachie mabega, bega la mbele lishuke, kifua kifunguke kuelekea mdomo wa pango. Mstari mmoja uweze kupita kutoka kisigino cha nyuma, ukapanda mgongoni, ukatokea kwenye kidole cha mkono wa mbele bila kukatika. Lijaze umbo lote rangi nyeusi ulitazame: kama mkono, ubao na goti havitofautiki, badilisha pembe kabla hujapaka rangi yoyote.

Chuma na maji chini ya jua moja

Sasa mwanga. Maji yakitazamwa wima huakisi takribani asilimia 2 tu ya mwanga. Unaobaki huzama ndani. Yakitazamwa kwa mshazari mkali huakisi karibu wote. Mfaransa Augustin-Jean Fresnel aliiwekea tabia hii hesabu katika karne ya 19, na programu zote kubwa za pande tatu zinaitumia. Mchoraji wa mkono aitumie pia. Bahari ya mbali ichukue rangi ya anga. Ukuta wa wimbi unaotutazama uwe na rangi ya ndani ya maji, buluu nzito inayoelekea kijani. Ukingo mwembamba wa juu, jua likiwa nyuma yake, uwake rangi ya feruzi, kwa kuwa hapo mwanga unapita maji machache. Maji mengi humeza wekundu kwanza na kubakiza buluu.

Chuma kina tabia nyingine. Tazama sufuria iliyosuguliwa vizuri: unachokiona juu yake ni dirisha, moto na mkono wako. Bati lililopakwa rangi lina rangi yake, na juu yake huongezeka doa jeupe la mwanga. Roboti aliyeng'arishwa mwili mzima atameza bahari yote na umbo lake litapotea. Mabamba makubwa yapakwe rangi, rangi ya chungwa au njano ambayo buluu itaisukuma mbele, na mng'ao wa kioo ubaki magotini na vidoleni. Upande wa chini wa mwili upokee feruzi inayorudishwa na maji. Bila feruzi hiyo, roboti na bahari wataonekana wametoka kwenye picha mbili tofauti.

Usisahau umri wa chuma. Roz huanza akiwa msafi wa kiwandani, na kadiri anavyoishi kisiwani mwili wake hupata mikwaruzo na uchafu wa porini, hata namna anavyochorwa ikasogelea brashi ya mandhari. Kutu kidogo kwenye bawaba na rangi iliyochubuka magotini humwambia mtazamaji kwamba roboti huyu ameanguka mara nyingi kabla ya wimbi hili.

Mpangilio wa kazi

Kazi hii haihitaji programu ya gharama. Krita ni ya bure kwenye kompyuta, na ibisPaint hufanya kazi kwenye simu. Ukikusudia kuchapa kwa ukubwa wa A3, fungua pikseli 3508 kwa 4961, yaani nukta 300 kwa inchi. Panga tabaka kuanzia nyuma: anga, bahari ya mbali, ukuta wa wimbi, ubao na roboti, kisha paa la wimbi mbele yao. Paa hilo likipita mbele ya sehemu ndogo ya kichwa au bega, roboti anaingia ndani ya wimbi kwa kweli. Maliza mwanga na giza kwa kijivu kwanza. Rangi haitanyoosha mgawanyo mbovu wa mwanga.

Povu lije mwisho, nalo lina mwelekeo. Maji ya ukutani yanapanda, hivyo nyuzi za povu zianzie chini, zipande na kupinda kuelekea kilele. Ukizichora za kulala, ukuta unageuka kuwa sakafu. Kama picha inakwenda kwa mchapaji, ijaribu kwenye rangi nne za uchapaji mapema, kwani feruzi inayowaka kwenye skrini hufifia sana kwenye karatasi.

Leo programu za akili mnemba hutoa roboti wa mawimbini kwa sekunde chache. Zipime kwa vigezo hivihivi: ukingo wa ubao umechimba maji? Mfereji unafuata njia aliyopita? Feruzi imefika chini ya mwili? Mara nyingi hukwama kwenye swali la kwanza.

Na kwa kazi yako mwenyewe, msomaji, fanya jaribio moja kabla hujaitoa: funika kichwa cha roboti kwa kidole gumba. Kama mwili uliobaki bado unaonyesha raha, picha imekamilika. Kama hauonyeshi, usiongeze tabasamu. Rudi kwenye magoti na ubao.